Uzi Kwenye Meno ya Mzee Ndesario

Krrraaa. Sauti ya kitambaa kinachopasuka. Nilikua nayo masikioni tangu utoto. Katika soko la Kamina mwenye kuuza pagne, vitenge munavyoviita ninyi, hakati kwa mkasi mpaka mwisho. Anatia mkasi kidogo pembeni, anashika huku na huku, anavuta, krrraaa, pagne inagawanyika kwa mstari ulionyooka kabisa. Kwetu watoto wa Base, kambi ya jeshi ya Kamina, sauti hiyo ilikuwa habari njema: kuna mtu atavaa mpya dimanche kanisani.

Sauti hiyo hiyo nilikuja kuisikia tena kwenye redio ya mkononi, asubuhi moja, chini ya mlima wa Himalaya, na mwiko wa bukari, ugali wetu, ulikuwa mkononi mwangu. Nitafika hapo. Upendo, wewe unayekaa sasa kwenye mashine yangu ya kushonea mahema pale stoo Moshi, ndiye uliyeniomba niandike mambo ya kazi, wewe na wenzako. Nimekubali. Lakini mimi shule niliiachia mwaka wa nne wa coupe et couture, yaani ushonaji, kwa hiyo mukikuta sentensi imekaa vibaya, muifumue na kuishona upya.

Nina miaka thelathini na nne na nimestaafu. Hapa Kamina wananicheka. Jirani yangu Maman Banza, mke wa mwanajeshi, aliposikia habari alisimama katikati ya njia na beseni lake la mikate kichwani.

"Ya Numbi, weye retraitée? Mvi iko wapi?"

"Niliiacha ku mulima, Maman. Kule juu iko mingi."

"Shee! Na vidole?"

"Navyo niliviacha kule. Vilipenda baridi."

"Ee, huyu mutoto!" Akaenda zake akicheka, na beseni halikutikisika hata kidogo.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo havikuwepo, na mishahara munaijua wenyewe.

Kazi nilifundishwa na Maman Twite. Alikuwa na mashine ya miguu kwenye baraza ya nyumba yake pale Base, upande wa uwanja wa ndege, akishona uniforme za wanajeshi na nguo za wake zao. Ndege ikitua, meza ilitetemeka na pini zikaanza kutembea zenyewe. Siku ya kwanza hakunipa sindano. Alinipa sumaku, akaniambia niokote pini zote zilizoanguka. Kesho yake, vilevile. Nilikuwa nimekuja na ndoto ya kushona robe za arusi, na hapa niko chini ya meza napiga magoti kama mtu wa toba. Nilipomuuliza nitashona lini, alisema, "Ukijua fasi yenye zinaangukiaka." Leo hata hema likianguka gizani najua sindano yangu iko wapi. Alikuwa na haki.

Lakini jambo kubwa alilonifundisha ni la uzi na meno, na ninyi wa Moshi mumelisikia nusu nusu tu.

Siku moja alikuja caporal mmoja mbio, suruali imepasuka nyuma, na wenzake walikuwa wameanza kujipanga kwa parade. Nafasi ya kuivua haikuwepo. Maman Twite alikata kipande cha uzi, akamnyooshea.

"Uma."

"Maman, minyi si mbuzi."

"Uma, caporal. Nguo haishonwake mu mwili ya muntu ovyo ovyo. Maiti njo banashoneaka sanda mu mwili, na yeye hasaidie kitu. Muntu muzima asaidie. Uma uzi, simama, usiseme."

Caporal aliuma. Alisimama kama nguzo, macho mbele, uzi mweupe unaning'inia mdomoni, na sisi wanafunzi tulikuwa nyuma ya mlango tunaziba midomo kwa mikono. Maman Twite peke yake hakucheka. Alipomaliza alimgonga begani, "Bon, kimbia," na caporal akakimbia na uzi wake bado kwenye meno. Sijui kama aliamini jambo lile. Najua tu kwamba mtu aliyeuma uzi anatulia, na sindano haimchomi.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kichuguu kikubwa kuliko nyumba yenyewe. Nilikipanda kila jioni. Kanisa letu la Wamethodisti lilikuwa na kalenda yenye picha ya mlima mweupe, na mimi kwenye kile kichuguu nilijifunika kitambaa cheupe cha meza ili niwe na theluji. Baba, mwanajeshi wa kutoka mkoa wa Équateur, alikuwa akitoka kazini ananikuta kule juu.

"Unaona nini huko?"

"Naona Kaniama, Papa."

Kaniama haionekani kutoka Kamina, hata ukipanda mnara. Lakini yeye alijibu tu, "Basi uwasalimie."

Nilifika Moshi nikimfuata tantine yangu aliyefanya biashara ya pagne kati ya Lubumbashi na Dar es Salaam. Yeye alirudi, mimi nikabaki, kwa sababu asubuhi moja mawingu yalifunguka na nikaona mlima wa ile kalenda umesimama nyuma ya stendi ya mabasi. Au ndugu yake. Nilienda kuuliza kazi kwenye kila mlango ulioandikwa neno "safari".

Mlango wenu ulifunguliwa na Mzee Ndesario mwenyewe. Munamjua sasa na fimbo yake. Wakati ule alikuwa kiongozi mkuu wa wapandaji na alitembea kama mtu anayesukumwa na upepo kwa nyuma.

"Unatoka wapi?"

"Kamina. Congo."

"Kamina kuna mlima?"

"Iko kichuguu."

Wagumu, wapagazi wa mlima, waliokuwa wanafunga mizigo uani walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mzee hakucheka. "Kikubwa?" aliuliza.

"Kushinda hii stoo."

"Basi umeshaanza." Tangu siku ile hakuniita Numbi tena. Aliniita Kamina.

Alinitupia hema bichi, lenye harufu ya soksi, limechanika ubavuni. Nililishona kwa mishono midogo midogo mizuri, kama ningeshona mkono wa gauni la bibi arusi. Akaja na kikombe cha maji, akayamwaga juu ya mshono. Maji yakapita yote.

"Umeshona vizuri sana," alisema. "Sasa mteja wangu atalowa vizuri sana."

Kisha alikaa pembeni yangu, akatoa mshumaa mfukoni na kuuvutia uzi ndani yake, mara moja, mara nyingine, mpaka uzi ukawa mgumu na kunata. Sindano hutoboa, alisema, na uzi wenye nta ndio unaoziba tundu. Mwanaume wa mlima ananifundisha mimi uzi! Niliona haya kidogo, halafu nikafurahi. Huo mshumaa musiuache. Siku hizi kuna gundi na plasta za kila aina, nami ninazipenda, lakini plasta ina tabia moja: kwenye baridi kali inasahau kazi yake.

Mengine kwa ufupi, kwa sababu wewe Upendo utaniuliza. Zipu iliyokwama haitaki mafuta. Mafuta yanakamata vumbi. Isugue kwa sabuni kavu. Hema likirudi kutoka mlimani, hata kama walioleta wanaapa ni kavu, lifungue, ingiza kichwa na unuse. Begi la kulalia lenye makombo ya biskuti usilipeleke rafuni, panya wa Moshi wamesoma. Na usimcheke mteja anayeleta suruali iliyochanika mahali pa aibu. Mlima unachana watu wote mahali pamoja.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, chini stoo na juu kambini. Kilimanjaro nilipanda nikiwa na cherehani ndogo ya mkono mgongoni, na wagumu wakinipita wanasema, "Dada fundi, leo unatushonea nini, mawingu?" Nilikuwa nawajibu kwamba mawingu yamekwisha shonwa, yanangoja tu kupigwa pasi. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Kila jioni niliangalia kule juu na kufikiri kuna mlima mwingine mkubwa zaidi nyuma yake.

Mlima huo mwingine, Mzee Ndesario alikuwa nao moyoni zamani. Jina lake siliandiki, kwa sababu watu wa kule waliniambia ni mahali pa mungu wao, na mimi sikuweza kulitamka sawasawa hata siku moja. Uko Nepal. Alikuwa ameupanda mara mbili na wateja, na mara mbili aligeuka akiwa karibu na kilele, kwa sababu mara ya kwanza mteja alianza kuona watu ambao hawapo, na mara ya pili mteja mwingine aliishiwa pumzi. Nilimuuliza kama ilimuuma. "Kazi yangu ni kushuka na watu wote," alisema. Akakunja kamba aliyokuwa nayo. "Lakini iliniuma, Kamina. Iliniuma sana."

Magoti yake yalikuwa yamechoka. Mama Ndesario alikuwa amemwambia mbele yetu sote, akigawa chai, "Mara hii tu, Baba Eli. Ukirudi, viatu vile vinakuwa vya kuogeshea ng'ombe." Na yeye aliinamisha kichwa kama mtoto. Kwa hiyo sote tulijua: safari hii ya tatu ndiyo ya mwisho, akipata kilele au asipate. Akanichagua mimi niende kama msaidizi wa jikoni na fundi wa mahema. Nilipompigia Maman simu Kamina, alipiga kelele mpaka jirani wakaja. Halafu akanitumia unga wa Kaniama, mahindi na muhogo, kupitia watu wa treni, madereva wa magari makubwa na dada mmoja wa kwaya. Ulinifikia na alama za mikono ya nchi nzima.

Wateja walikuwa kikundi kidogo. Nitamtaja mmoja tu, Dokta Sifa, daktari wa meno kutoka Dodoma, mwanamke mnene kiasi, mwenye mapafu ya farasi na maneno mengi. Kwa upande wa wenyeji kulikuwa na Dorje, kiongozi wa kule, mtu mfupi aliyeongea kidogo. Tulielewana kwa mikono na kwa Kiingereza cha kuokoteza.

Kwenye kambi ya chini hakuna mtu wa kule anayeupanda mlima kabla ya maombi. Walijenga kama meza ya mawe, wakafunga vitambaa vya rangi kwenye kamba, wakasoma maneno yao. Mwishoni kila mmoja alichukua unga na kumpaka mwenzake mashavuni. Dorje alinipaka. Nilisimama pale na uso mweupe, machozi yakanijia, kwa sababu bibi yangu kule Kabondo-Dianda, mtu akienda safari ya mbali, alimpaka mpemba, udongo mweupe, mkononi. Maman yangu, mtu wa kanisa, hakutaka hata kulisikia jambo lile. Nilimpigia simu jioni ile.

"Walikupaka nini?"

"Unga, Maman."

"Unga ya bukari?"

"Sawa ile. Ya nafaka yao."

Alifikiri. "Unga haina zambi," alisema. "Hukuimwaga tu chini?"

"Hapana, Maman. Ilibakia ku uso."

"Basi osha na maji ya moto."

Kazi ya mlima mkubwa ni kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, ili mwili uzoee hewa nyembamba. Juu ya kambi ya chini kuna kambi ya kati, halafu kambi ya juu, halafu kilele. Mzee aliniruhusu kubeba chakula mpaka kambi ya kati pamoja na Dorje, si mara moja, na kila mara nilirudi na kichwa kinachogonga kama mtwangio, nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimepita kichuguu mbali sana. Juu zaidi ya hapo alinikataza. "Huko si kazi yako," alisema, na alikuwa sawa.

Ikaja habari kwamba upepo utatulia kwa muda mfupi, kisha msimu utafungwa. Mzee, Dokta Sifa na wengine walipanda mpaka kambi ya kati kungoja. Asubuhi yake mimi nilikuwa jikoni, bukari motoni, redio juu ya gunia la mchele. Mzee alikuwa anatoa taarifa ya hali ya hewa. Nyuma ya sauti yake upepo ulivuma. Na hapo, krrraaa.

Mwiko ulibaki umesimama kwenye bukari. Nilijua kabla hajasema. Tena nilijua kwamba uzi ndio uliotangulia kukatika, kitambaa kikafuata, kwa sababu kwanza ilikuwa tatata, halafu ndiyo krrraaa.

"Hema kubwa limefunguka ubavu," Mzee alisema kwenye redio. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Tumehamia wote hema dogo. Plasta haishiki. Hatuwezi kulala hivi, na hema hilo ndilo la kwenda juu. Tutakunywa chai, tutashuka."

Kushuka maana yake kwisha. Siku za utulivu zingepita tukiwa chini, na viatu vingeenda kuogesha ng'ombe. Mzee hakusema hivyo. Alisema, "Tayarisheni supu."

Nilichukua redio. "Mzee, minyi ninakuja."

"Kamina, baki hapo hapo."

"Upepo unatulia mchana, umesema mwenyewe. Kambi ya kati ninaijua. Dorje yuko hapa."

"Nimesema baki."

"Mzee, nani anashonaka mahema hapa?"

Redio ilikwaruza tu. Nilimtazama Dorje. Yeye alikuwa anatazama viatu vyangu, kisha akainama na kuanza kukaza kamba ya kimoja, kwa nguvu, kama baba anayempeleka mtoto shule. Ndipo redio ikasema:

"Njoo na mshumaa."

Kupanda kwenyewe sina la kujisifu. Unaweka mguu, unapumua, unaweka mwingine. Dorje alikuwa mbele, kamba kati yetu. Nilikuwa na sindano zilizopinda, uzi mnene, dé yangu ya chuma, ile munayoiita subana, na mshumaa ndani ya koti karibu na ngozi ili usigande. Nilikuwa naomba kwa Kiluba, kwa sababu ndiyo lugha niliyoijua kuomba nikiogopa.

Tulifika jua likiwa bado upande mzuri. Upepo ulikuwa umeshuka, lakini haukulala. Hema kubwa lilikuwa linapiga makofi. Mpasuko ulianzia kwenye mshono wa nguzo, ukashuka ubavuni kama njia ya maji. Kulishusha na kulishonea chini haikuwezekana: nguzo zilikuwa zimeshikwa na barafu, na ukizilazimisha zinavunjika. Ilibidi lishonwe limesimama. Na ili lisipige makofi, ilibidi watu waingie ndani, walishike kwa mwili.

Mzee aliingia. Dokta Sifa akaingia nyuma yake. Wengine walibaki hema dogo. Mimi nilipiga magoti nje, Dorje akisimama nyuma yangu kukinga upepo, na hapo ndipo Maman Twite alipokuja kichwani mwangu na caporal wake. Nilikuwa naenda kushona nguo na watu ndani yake. Watu ninaowapenda, ndani ya kitambaa, juu ya mlima.

Niliingiza kichwa kwenye mpasuko. "Mzee, uma hii." Nilimpa kipande cha uzi.

"Kamina, tuna muda wa kucheza?"

"Sichezi. Wanaoshonwa bila kusaidia ni maiti. Uma, shika kitambaa, usiseme."

Alinitazama. Ndevu zake zilikuwa na barafu. Akafungua mdomo.

"Na mimi je?" Dokta Sifa aliuliza.

"Na weye, Dokta."

"Miaka yote nawaambia watu wasitumie meno kama koleo," alisema, "na leo njoo unione!" Akauma. Nafikiri ndiyo mara pekee niliyomsikia Dokta Sifa akiwa kimya.

Tulishona hivi. Mimi nje nachoma sindano. Mzee ndani anaishika, anaivuta, uzi unapita. Nami naweka kidole changu kwenye kitambaa mahali itakaporudi, yeye anakiona kivuli cha kidole, anairudisha sindano hapo hapo. Glavu ya mkono wa kulia niliibakiza, nyembamba, na dé juu yake. Ya kushoto niliivua. Ncha ya sindano haisikiki kupitia glavu, na kama siisikii, nashona kombo, na mshono kombo unafunguka. Niliivaa tena kila nilipopaka uzi nta. Halafu nikaacha kuivaa, kwa sababu vidole vilikuwa vimeacha kulalamika. Ninyi muogope vidole vilivyonyamaza. Vinavyouma ni vizima.

"Hapa," nilisema.

"Mm."

"Imepita?"

"Mm."

"Inakuchoma?"

"Mm-mm."

Ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, mm na mm-mm, kitambaa kati yetu, mpaka ubavu wote. Nilipofunga fundo la mwisho niliukata uzi kwa meno yangu na nikaweka viganja viwili juu ya mshono. Upande wa pili Mzee akaweka vyake. Nilisikia joto lake kupitia hema, kwa mkono wa kulia. Kwa wa kushoto sikusikia kitu.

"Tema sasa," nilisema.

Dokta Sifa alitema, akaanza kuongea pale alipoishia. Mzee alitoa uzi wake mdomoni na sikuona alikouweka.

Nililala kambi ile, kesho yake Dorje akanishusha. Wao walilibeba hema mpaka kambi ya juu. Siku zilizofuata nilikaa na redio na mkono wangu wa kushoto ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, na mpishi mkuu akaniambia nisiviangalie vidole. Niliviangalia. Vilikuwa kama vya nta.

Walifika kileleni. Redio ilisema hivyo tu: "Tupo juu. Tunashuka." Nilicheka na kulia mpaka chumvi ikaingia kwenye supu. Mzee alipoingia kambi ya chini, anachechemea, amekonda, nilimkimbilia.

"Mzee! Uliona nini?"

Alikaa juu ya gunia la mchele kwanza. "Unga," alisema.

"Unga?"

"Ukungu, Kamina. Mweupe, kila upande. Nimeungoja mlima huu nusu ya maisha yangu, nimefika, nimeona unga." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikampiga mgongoni kwa mkono mmoja. Alipopata pumzi alisema polepole, "Jioni ile kambi ya juu, upepo ulirudi. Ulipiga hema lile kama lina deni nao. Hakuna aliyelala. Mimi nilikuwa chali, natazama mshono wako. Mlima sikuuona. Mshono niliuona wote."

Hapo akauona mkono wangu uliofungwa bendeji. Aliingiza vidole kwenye mfuko wa ndani wa koti na kutoa kile kipande cha uzi. Alikuwa amepanda nacho mpaka juu. Akakiweka kwenye kiganja changu kizima na kukifunga kwa mikono yake miwili.

Ncha mbili za vidole vya kushoto zilikatwa mjini Kathmandu. Daktari alisema kidole kilichowahi kung'atwa na baridi hakirudi kwenye baridi. Kwa hiyo mlima umekwisha, na stoo bila mlima sikuitaka. Mzee na mimi tulistaafu mwezi mmoja. Viatu vyake kweli vinaogesha ng'ombe; Mama Ndesario alinitumia picha. Musinihurumie. Nilitaka kufika mbali kuliko kichuguu, na nilifika. Kilele sikukiona, lakini kumbe hata aliyekifikia hakukiona.

Nimefungua atelier yangu ya kushona pale pale Base, kwenye baraza ya Maman Twite, ambaye sasa ni mzee na anakaa kwenye kiti akiwaambia wasichana wangu mahali pini zinapoangukia. Ninashona vizuri. Lakini jambo moja lilinishinda, na sijamwambia mtu. Kupasua pagne. Ninakata kwa mkasi, polepole, toka mwanzo mpaka mwisho, na wateja wananicheka. Nilisema ni vidole. Si vidole. Ni ile sauti. Nikiisikia sokoni, naona mwiko umesimama kwenye bukari, na Mzee anasema tutakunywa chai, tutashuka.

Juzi Maman Banza alileta pagne ya bluu ya gauni la ubatizo wa binti yake. "Pasua hapa mbele yangu, nisikie kama iko ya kweli," alisema. "Pagne ya kweli inalia."

"Nitapasua, Maman. Wende uuze mikate yako kwanza."

"Weye na mukasi yako! Utamaliza Krismasi."

Alipoondoka, wasichana walikuwa wameenda kuchota maji na Maman Twite alikuwa amesinzia ndani. Nilitandika pagne mezani. Nilifungua kopo la pini na kutoa uzi wa Mzee, umekuwa wa kijivu, bado una nta. Nikauuma. Nikatia mkasi kidogo pembeni, nikashika huku kwa vidole vizima na huku kwa vile vilivyobaki, nikavuta.